Mdomo Ukienda Upande: Neva ya Saba, Kiharusi na Uamuzi wa Kuvuka Ziwa

Mtu akiamka Nansio, kisiwani Ukerewe, asubuhi, akasukutua, maji yakamchuruzika upande mmoja wa kinywa na kioo kikamwonyesha uso uliovutwa upande, mtaa mzima utakuwa umeshapata habari kabla jua halijapanda. Majirani hawakawii kugawanyika. Mmoja atasema ni kiharusi, apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa meli ya leo. Wa pili atasema ni upepo wa ziwa, akandwe kwa maji ya moto na kufungwa kitambaa. Wa tatu atashusha sauti: huyu amepigwa kofi, na aliyempiga haonekani kwa macho. Siku hizi kuna na wa nne, aliyesoma kwenye simu, anayesema ni neva ya saba tu, haina neno, itapona yenyewe. Kila mmoja ana mfano wa mtu aliyepona kwa njia yake, na mifano hiyo mara nyingi ni ya kweli. Hapo ndipo utata unapoanzia.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba wote wanne wanakimbilia jina la ugonjwa kabla ya kujibu swali lililo jepesi zaidi: waya umekatikia wapi? Neva za kichwa na shingo zimepangwa kwa namna ambayo uso wenyewe unalijibu swali hilo kwa sehemu kubwa, bila mashine. Mwanza mjini huo unaweza kuwa ujuzi wa ziada, kwa kuwa hospitali iko kilimani na daladala inafika. Ukerewe ni kisiwa. Meli ya Mwanza huchukua takriban saa tatu au zaidi, na njia ya pili ni kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya kisha barabara ndefu ya kupitia Bunda. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani avuke leo na nani abaki.

Neno moja lililobeba mizigo mingi

Sehemu ya utata imo ndani ya lugha yetu. Neno "mshipa" linabeba mrija wa damu, waya wa fahamu, kano ya msuli, na katika mazungumzo ya wanaume hata ngiri. Mgonjwa akiambiwa "mshipa wako wa kichwa umepata hitilafu", hajui kama kilichoziba ni bomba la damu ndani ya ubongo au kilichobanwa ni waya mwembamba nyuma ya sikio. La kwanza ni kiharusi, la pili ni kupooza kwa neva ya uso. Yote mawili yanapindisha mdomo, lakini moja linaweza kuua ndani ya siku chache na jingine haliui. Ndiyo maana hapa tutatumia "neva" kwa waya wa fahamu, ingawa ni neno la kukopa, na "mshipa" tutauachia damu.

"Upepo" nao una mtego wake. Upepo na pepo ni ndugu wa shina moja, na msemo "kapigwa na upepo" unaacha mlango wazi pande zote mbili: baridi ya ziwani, au kiumbe kilichopita usiku. Anayesema hivyo hahitaji kuchagua. Lugha inamruhusu kusema mambo mawili kwa pumzi moja, na familia moja ikienda kwa mganga na nyingine ikakaa nyumbani na beseni la maji ya moto, zote mbili zitasema zilifuata ushauri uleule.

Ramani ya kichwani na shingoni

Kutoka kwenye ubongo na shina lake hutokea neva jozi 12, na shingoni hutokea jozi nane nyingine kutoka uti wa mgongo. Hatuna haja ya kuzikariri zote kama mtihani. Ya kwanza hunusa, ya pili huona. Ya tatu, ya nne na ya sita husogeza jicho. Ya tano hupeleka hisi za ngozi ya uso na kuendesha misuli ya kutafuna. Ya nane husikia na kushika mizani ya mwili. Ya tisa, ya kumi na ya kumi na mbili hugawana kumeza, sauti na ulimi, na ya kumi na moja huinua bega na kugeuza kichwa. Kati ya neva za shingo, ya tatu hadi ya tano ndizo zinazoshuka kuendesha kiwambo cha kupumulia, na kwa hiyo jeraha la juu shingoni linaweza kumnyima mtu pumzi. Ya kumi ndiyo msafiri mkubwa kuliko zote: inashuka hadi moyoni na tumboni, na tawi lake la kushoto linaloendesha sauti huteremka kifuani, likazunguka mshipa mkuu wa damu, ndipo lipande tena kooni. 

Neva ya saba ndiyo mhusika wetu. Inatoka kwenye shina la ubongo ikiwa jirani kabisa na ya nane, inaingia nayo kwenye tundu la mfupa wa sikio, kisha inapita peke yake kwenye mfereji mwembamba wa mfupa ambao sehemu yake finyu haifiki milimita moja. Njiani inatoa tawi la machozi, tawi la msuli mdogo unaopunguza makali ya sauti sikioni, na tawi la ladha kwa theluthi mbili za mbele za ulimi pamoja na baadhi ya tezi za mate. Mwishowe inatokeza chini ya sikio, inapenya tezi kubwa ya mate na kujigawa matawi matano kwa misuli yote ya uso: kukunja paji, kufumba jicho, kutabasamu, kupiga mluzi.

Utamu wa ramani hii ni kwamba inasomeka kinyumenyume, kama fundi umeme anavyosoma nyumba. Mgonjwa ambaye uso umelegea lakini ladha iko palepale amepata hitilafu karibu na mlango wa kutokea. Aliyepoteza na ladha, hitilafu yake iko juu zaidi, ndani ya mfereji. Anayelalamika kwamba kelele za kawaida zinampasua sikio upande huohuo, hitilafu iko juu zaidi ya hapo, kabla ya tawi la msuli wa sikio. Aliyepungukiwa na usikivu pamoja na uso, tazama pale ambapo ya saba na ya nane zinatembea pamoja. Na ambaye jicho lake pia limeshindwa kutazama nje, ya sita imeguswa, basi huenda tatizo liko kwenye shina la ubongo lenyewe.

Shahidi aliye juu ya nyusi

Katika ramani hiyo kuna jambo moja lenye uzito kuliko mengine yote. Sehemu ya chini ya uso hupata amri hasa kutoka upande wa pili wa ubongo. Paji la uso hupata amri kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo mshipa wa damu ukiziba upande mmoja wa ubongo, mdomo unaanguka lakini paji linaendelea kukunjwa, kwa sababu upande mzima unalishikilia. Neva yenyewe ikibanwa ndani ya mfupa, amri zote zimekwisha kuungana kwenye waya mmoja, na waya huo ukikatika hakuna wa kuokoa: paji linakuwa laini kama la mtoto, jicho halifumbiki, mdomo unavutwa upande mzima wa pili.

Mwambie mgonjwa ainue nyusi kama aliyeshtuka. Mikunjo ikitokea pande zote mbili na mdomo umepinda, ogopa ubongo. Paji likiwa kimya upande ulioanguka, na mikono, miguu na maneno viko sawa, yaelekea ni neva. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala fomu. Kina tabia inayowachanganya watu, nayo ni kwamba uso unaotisha zaidi kwa kuutazama, ule uliolegea wote mpaka jicho, mara nyingi ndio wenye hatari ndogo kwa uhai. Uso uliopinda kidogo tu, ambao majirani wanaupuuza, unaweza kuwa ndio wa kukimbizwa.

Pingamizi la haki ni kwamba shahidi huyu hasemi kweli siku zote. Kiharusi kidogo kikipiga kwenye shina la ubongo, pale neva ya saba inapozaliwa, paji nalo hulegea na uso ukaonekana kama wa neva tu. Hilo hutokea. Lakini pale ndani vitu vimesongamana mno, na ni nadra hitilafu ikamgusa mmoja bila kuwagusa majirani: jicho halisogei, mtu anaona vitu viwili, anayumba, mkono umekuwa mzito, mate hayamezeki. Kwa hiyo kanuni haivunjiki, inakamilishwa. Paji peke yake halitoshi kumwachilia mgonjwa. Anaachiliwa na paji pamoja na mwili mzima ulio salama.

Kambi nne na mizani yake

Kambi ya kiharusi ina nguvu ya tahadhari. Kosa lake, likitokea, ni la gharama na si la uhai: nauli, siku za kazi, ndugu wa kumsindikiza, malazi Mwanza. Na ina sababu ya kuwa na hofu. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai kati ya 2003 na 2006 ulionyesha viwango vikubwa vya kiharusi, na vya Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri, vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani. Shinikizo la damu lisilojulikana ndilo mzizi mkubwa, na wengi hawalijui mpaka siku ya kuanguka. Udhaifu wa kambi hii ni kwamba inautia kila mdomo uliopinda kwenye chombo kimoja. Aliyepooza neva akifika Mwanza na kuambiwa si kiharusi, hurudi nyumbani akiamini alisumbuliwa bure, na safari inayofuata mtaani, hata ikiwa ya kiharusi kweli, inacheleweshwa.

Kambi ya upepo ina ushahidi wa macho. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani usiku wa giza, taa mbele na baridi usoni, na asubuhi mmoja wao akiamka na uso uliolegea, nani atakataa kwamba ni upepo? Tatizo ni kwamba maelfu hukesha vilevile bila kupinda, na waliolala ndani wanapinda pia. Maelezo yanayoungwa mkono zaidi ni ya kirusi cha malengelenge ya mdomo, ambacho hulala kwenye kifundo cha neva kwa miaka. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walipata vinasaba vyake kwenye majimaji ya neva za wagonjwa 11 kati ya 14 waliofanyiwa upasuaji. Kirusi kinaamka, neva inavimba, na kwa kuwa imo ndani ya mfereji wa mfupa usiopanuka, inajinyonga yenyewe. Baridi inaweza kuwa miongoni mwa vinavyokiamsha, ila ushahidi wa hilo ni dhaifu. Kukanda kwa maji ya vuguvugu hakudhuru kitu. Udhaifu wa kambi hii ni utulivu wake, unaomfanya mgonjwa angoje.

Kambi ya kofi la jini haipaswi kuchekwa, kwa sababu ina hesabu upande wake. Daktari mmoja wa Copenhagen aliwafuatilia wagonjwa wapatao 2,500 wa kupooza uso kwa zaidi ya miaka 20 bila kuwapa dawa yoyote, na matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba asilimia 71 ya wale ambao chanzo chao hakikujulikana walipona kabisa. Fikiria maana yake kwa mganga: katika kila wateja kumi, saba watapona hata akiwapa maji matupu, na wataeneza sifa zake kisiwa kizima. Watatu waliobaki wataambiwa walikiuka miiko. Hakuna mtu aliyedanganya hapo, na ndiyo maana hoja za kejeli hazijawahi kuivunja kambi hii. Wala si imani ya vijijini tu. Watafiti walipowauliza watu kuhusu kiharusi, ni wa Dar es Salaam waliotaja zaidi mapepo na uchawi, ilhali wa Hai, wilaya ya vijijini, walikieleza zaidi kama maradhi ya mwili. Hasara za kambi hii ni mbili: chale zinazochanjwa usoni, karibu kabisa na matawi ya neva inayojaribu kupona, na muda unaopotea.

Kambi ya nne, ya "itapona yenyewe", ndiyo inayojiona ya kisayansi, na kwa maoni yangu ndiyo inayohitaji kujibiwa kwa ukali zaidi. Imeshika nusu ya ukweli. Saba kati ya kumi kupona ni habari njema kwa mganga na kwa takwimu. Kwa watatu waliobaki ni uso wa maisha. Neva ikiota upya, kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku, nyuzi zake hupotea njia: iliyokuwa ya mdomo inafika kwenye jicho, na mtu akitabasamu jicho linafumba. Iliyokuwa ya mate inafika kwenye tezi ya machozi, naye akila ugali analia, hali ambayo madaktari wameiita machozi ya mamba. Tena kambi hii inasahau kwamba kupooza uso si ugonjwa mmoja. Maambukizi ya VVU, yakiwemo ya siku za mwanzo, huweza kujitokeza hivyo. Kisukari, ukoma, usaha wa sikio uliokaa muda mrefu, mkanda wa jeshi uliotoka ndani ya sikio, na uvimbe wa tezi ya mate, vyote hupitia neva hiyohiyo. Na mtoto wa ukanda huu wa ziwa ambaye uso umelegea huku taya likivimba kwa haraka ni wa kufikiriwa saratani ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Hutibika vizuri kwa dawa ikiwahiwa, lakini haingoji.

Saa 72

Hoja kubwa dhidi ya kungoja ni kwamba kuna dawa, tena ya bei nafuu. Mwaka 2007 watafiti wa Scotland walichapisha matokeo ya wagonjwa 496 walioanza matibabu ndani ya saa 72. Waliopewa prednisoloni, miligramu 25 mara mbili kwa siku kwa siku kumi, walipona kabisa kwa asilimia 94.4 baada ya miezi tisa. Wasiopewa walipona kwa asilimia 81.6. Dawa ya kuua kirusi, ambayo kwa mantiki ya kirusi ingetarajiwa kushinda, haikuongeza kitu chenye maana. Huo ni mwiba kwenye nadharia ya kirusi, na mwaminifu hawezi kuuficha: huenda kirusi kinapokuwa kimeshaanzisha uvimbe, kukiua ni kufunga banda ng'ombe wakishatoka, na kinachookoa neva ni kupunguza uvimbe ndani ya mfupa.

Wapo wanaohofia kutoa prednisoloni kiholela katika nchi yenye kifua kikuu, VVU na kisukari kisichopimwa. Hofu yao ni ya haki. Dawa hii hupandisha sukari na shinikizo la damu, na inaweza kuamsha maradhi yaliyolala. Lakini hoja hiyo inadai vipimo kabla ya dawa. Haidai kungoja. Sukari, VVU na shinikizo la damu ni vipimo vinavyotarajiwa kuwepo hata ngazi za chini, na kifua kikuu kinaanza kuulizwa kwa maswali: kikohozi, jasho la usiku, kukonda. Mgonjwa akivipita, siku kumi za dawa ni hatari ndogo kuliko uso uliopinda moja kwa moja. Pale dukani, anapoomba "dawa ya uso" na kukatiwa vidonge bila swali, hofu ya wapinzani inakuwa na ukweli wote.

Jicho lina saa yake, na ni fupi kuliko 72. Neva ya tatu hulifungua, ya saba hulifumba. Ya saba ikilala, ya tatu inabaki peke yake na jicho linakaa wazi usiku kucha, likikauka, likikusanya vumbi la barabara na moshi wa jikoni. Kioo cha jicho kikipata kidonda, mtu atapona uso na kubaki na upofu. Kinga yake ni marhamu ya macho, plasta laini ya kulifunga wakati wa kulala, na kofia au miwani mchana. Inasikitisha kwamba jambo la bei ndogo kuliko yote ndilo linalosahaulika na kambi zote nne, kwa sababu zote zinautazama mdomo.

Nani apande meli

Wilaya ya Ukerewe ina watu zaidi ya 380,000 kwa sensa ya 2022. Kwa kuwa kupooza kwa neva ya uso kwingi duniani huwapata watu 20 hadi 30 kwa kila 100,000 kwa mwaka, hesabu ya haraka inaleta kati ya wagonjwa 75 na 115 kila mwaka wilayani, mmoja au wawili kwa wiki. Kumsafirisha kila mmoja kwenda Mwanza ni kuwachosha watu wanaoweza kutibiwa Nansio. Kwa walioko Ukara na visiwa vidogo, hata kufika Nansio ni safari ya majini, na kuzama kwa MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, kulionyesha kwamba kuvuka si jambo la kuhesabiwa kwa nauli peke yake. Kumbakiza kila mmoja, kwa upande wa pili, ni kuwaacha wenye kiharusi wakose hata kile kidogo kinachowezekana. Hapa pia tusidanganyane: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutakiwa ndani ya saa nne na nusu, na kwa kungoja meli pamoja na safari yenyewe, saa hizo mara nyingi zinakwisha kabla haijatia nanga. Mgonjwa wa kiharusi anavuka ili apigwe picha ya ubongo, ijulikane ni kuziba au kuvuja, azuiliwe kiharusi cha pili na apate wataalamu wa mazoezi. Kabla ya kuvuka apimwe kama anameza, shinikizo lake la damu na sukari, kwa kuwa sukari iliyoshuka nayo hupindisha mdomo, na hiyo inatibiwa palepale kwa dakika chache.

Mgawanyo unaofaa unaanzia nyumbani, kwa jirani anayemwomba mgonjwa ainue nyusi, anyooshe mikono yote miwili na aseme jina la mama yake. Mkono ukishuka, maneno yakiparaganyika, au paji likikunjika huku mdomo umeanguka, huyo ni wa hospitali sasa hivi na maandalizi ya rufaa yaanze. Ikiwa ni paji kimya na mengine yote sawa, ni wa hospitali pia, siku hiyohiyo, lakini kwa vipimo, prednisoloni na marhamu ya jicho, na anarudi kulala kwake. Palipo na shaka kati ya wawili hao, shaka ihesabiwe kuwa kiharusi, kwa sababu makosa mawili hayo hayalingani uzito. Mtoto, mwenye sikio linalotoa usaha, na mwenye uvimbe wa taya au shavu, hawamo kwenye kundi lolote kati ya hayo na wanahitaji uchunguzi wao.

Kuna na tarehe moja ya kuandikwa kwenye daftari la kliniki, ambayo kwa kawaida haiandikwi. Wengi wa wenye neva iliyopooza huanza kuona misuli ikisogea ndani ya wiki tatu, na hata waliochelewa huwa wameanza kufikia mwezi wa nne. Ambaye mwezi wa nne unamkuta na uso uleule uliolala, au ambaye uso wake ulilegea polepole kwa wiki badala ya usiku mmoja, huenda hakuwa na ugonjwa tuliodhani. Pengine kuna kitu kinachoota juu ya neva, ndani ya mfupa au kwenye tezi ya mate. Huyo ndiye wa kuvuka ziwa, hata kama mtaa umeshamzoea na hakuna tena anayemuuliza.